Chuma cha Moshi na Udongo wa Mama

Mjukuu wangu ni fundi wa magari ya dizeli na, kama mafundi wote ninaowajua, hataki kuambiwa. Juzi alinipeleka gereji kwake nikamwone akiivika turbo blanketi. Turbo, kwa asiyejua, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa, na ganda lake la chuma hupata moto hadi likawa jekundu kama kaa. Siku hizi hulivika blanketi la nyuzi na kulikaza kwa waya, ili ule moto usichome vitu vya jirani. Ni blanketi zuri, sina neno. Lakini ganda lenyewe lilikuwa limegandwa na tope kavu, lenye weupe weupe pembeni, naye alitaka kulifunika hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Lioshe kwanza. Hujui hilo tope limetoka wapi."

"Babu," akasema, hata kichwa hakuinua, "hii ni turbo. Hii si ile mambo yenu ya zamani."

Nilitafuta pa kukaa. Hasira ilinipanda hadi masikio yakapata moto, na si kwa sababu ya kijana. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu yote jinsi yalivyo, na niliyemwambia alikuwa mama yangu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mimi nilikuwa dereva wa lori la ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, mwenye bucha mjini Meru. Watu wetu pale mjini ni Waislamu wa damu nyingi. Babu mmoja alikuja na msafara, nyanya mmoja Mmeru, mwingine hata jina la kabila lake halikumbukwi, na sote tuliandikwa Waswahili yakaisha. Mama yangu alikuwa Mwembu. Baba alipofariki, mama alirudi kwao kumtunza mama yake mzee hadi alipofariki, na kwa kuwa alikuwa mfinyanzi wa vyungu tangu usichana wake, hakukosa kazi. Kisha serikali ya mkoloni ikawakusanya watu wake wote ndani ya kijiji kimoja, ikakizungushia handaki lenye miti iliyochongwa ncha, ikaweka geti moja na walinzi. Mimi kwa karatasi yangu nilikuwa Mswahili, ningeweza kupita vizuizi vya barabarani kwa pasi ya lori. Mama kwa karatasi yake alikuwa Mwembu, na hakuvuka handaki ila kwenda kazi ya lazima na mlinzi nyuma yake. Mtu na mama yake, na serikali inawaona kama watu wa nchi mbili! Nilichoka kulifikiria jambo hilo.

Kila wiki mimi na ami tulinunua ng'ombe na mbuzi kwenye soko la Ruiri, tukawapakia, na alfajiri ya siku ya pili tukashuka nao hadi kwa wachinjaji wa Embu. Kijiji cha mama kilikuwa kando ya barabara hiyo hiyo, kabla hujafika mjini. Mlinzi mmoja wa geti alipenda maini, na kwa maini aliniruhusu kusimama nje ya geti nizungumze na mama aliye ndani, muda wa sigara moja. Ndiyo iliyokuwa nafasi yangu. Lori likifika, namwona mama. Lori likilala njiani, simwoni, naye atakuwa amesimama pale tangu mchana hadi filimbi ya kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, akitazama barabara.

Na lori lile lilipenda kulala njiani kuliko mlevi.

Lilikuwa la petroli, kuukuu. Ubavuni mwa injini kulikuwa na chuma kinene chenye vidole, kinachokusanya moto na moshi kutoka silinda zote na kuupeleka kwenye bomba la nyuma. Mafundi wa leo wanacho jina lake la Kizungu. Sisi tulikiita chuma cha moshi. Aliyelitengeneza gari lile, popote alipo, na Mungu amsamehe kwa sababu mimi nimeshindwa, alilipitisha bomba jembamba la petroli upande ule ule, mkono mmoja tu kutoka kwenye chuma hicho. Kwenye tambarare hukuona kitu. Lakini barabara ya Meru hadi Embu siku hizo haikuwa na tambarare. Unashuka hadi mto Mutonga, unapanda. Unashuka Nithi, unapanda. Unashuka Thuchi, unapanda, na kila mpando ni gia ya kwanza, ng'ombe nyuma wanasukumana, na chuma cha moshi kinaanza kung'aa. Hapo petroli inachemka ndani ya bomba lake kabla haijafika injini. Inageuka mvuke. Injini inakohoa mara mbili, inazima, na wewe unakanyaga breki kwa miguu yote huku ami anashuka mbio kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu.

Kila mtu alikuwa na dawa. Watu wa Kanyakine, pale njiani, walituambia tufunge bomba kwa maganda ya mgomba, maana yamejaa maji. Tukafunga. Yalisaidia kilima kimoja, kisha yakakauka yakashika moto. Dereva mwingine akasema tupande kwa kurudi nyuma, eti injini ipate upepo. Mwalimu mmoja aliyeomba lifti alinieleza kwa kirefu kwa nini petroli huchemka, vizuri sana, na alipomaliza tulikuwa bado tumesimama palepale. Nilijua dawa yake halisi: kamba ya asbesto, ile nyeupe, unaizungusha kwenye chuma na moto unabaki ndani. Lakini kwenye duka la vyuma mjini waliniambia yote imechukuliwa na jeshi, na kwamba nirudi vita vikiisha. Vita gani tena, wakati tuliambiwa kila siku kwamba hakuna vita?

Ndipo ami akapata wazo. Ami yangu akipata wazo, ni heri ungekuwa mbali.

Ruiri wafugaji huleta udongo wa chumvi, munyu wanavyouita, kwa ajili ya mifugo kulamba. Ni udongo wa kijivu, laini, na ukiukanda na maji unashika kama gundi. Ami alikuwa ameona kibanda cha mfugaji kilichosilibwa kwa udongo huo, kikaungua paa lote na ukuta ukabaki umesimama, mgumu kama tofali. Akaniita kwa sauti ya mtu aliyegundua dhahabu.

"Mwanangu, wazungu wana asbesto yao. Sisi tuna hii."

Akaukanda mwenyewe, mikono mitupu, akatia majivu na nywele za mbuzi ili usipasuke. Tukakisiliba chuma cha moshi chote, unene wa vidole viwili, tukaufunga kwa waya wa uzio. Ulipokauka kwa moto wa injini ukawa kama ganda la kobe.

Na lori likapanda! Lazima niseme ukweli hata kama unaniudhi. Lilipanda Mutonga bila kukohoa. Lilipanda Nithi. Kwenye mpando wa Thuchi nilishikilia usukani nikisubiri lizime, na halikuzima. Ami alipiga makofi kwenye dashibodi hadi mbuzi wakashtuka. Tangu siku hiyo hakukutana na mtu asiyemweleza. Bucha nzima ilijua, msikiti mzima ulijua, na mtu akija kununua nusu kilo ya nyama alipewa na mhadhara wa udongo juu yake.

Kero ya kwanza ilikuwa mifugo wenyewe. Mnyama hajui kwamba munyu umekuwa kipuri cha gari. Tukisimama Ruiri, nikifungua boneti kidogo tu ipoe, mbuzi wanapanda kwenye bampa, wanaingiza vichwa, wanalamba. Ng'ombe mmoja alipasua taa kwa pembe akiutafuta. Kwenye kizuizi cha Chuka askari alitusimamisha akalizunguka lori mara mbili huku ng'ombe wa watu wakitukusanyikia.

"Dereva, hii gari yako mmebeba nini huko kwa injini? Mbona hii ng'ombe yote inataka kuingia?"

"Ni udongo, afande."

"Udongo ya nini?"

Ami akashuka kumweleza. Tulikaa hapo saa nzima, si kwa sababu ya askari, bali kwa sababu ya ami.

Nikawa kila wiki nasiliba upya palipolambwa, na kila wiki ganda linazidi kuwa nene. Masika yakaja. Asubuhi nikifungua boneti naukuta udongo umelowa maji, hata kama mvua haikunyesha usiku, unatoa jasho jeusi lenye kutu. Nilimwonyesha ami. Akasema ni umande. Nikakubali ni umande, kwa kuwa lori lilikuwa linapanda na mimi nilikuwa namwona mama kila wiki, na mtu akipata anachokitaka huwa haulizi sana.

Mama ndiye aliyeuliza. Siku moja mlinzi wetu wa maini alitusogeza lori hadi karibu kabisa na geti ili lisizibe njia, nami nikafungua boneti injini ipoe. Mama akapenyeza mkono kati ya miti ya geti, akabandua kipande cha ule udongo kidogo kama ukucha, akakiweka kwenye ncha ya ulimi. Akatema mate papo hapo.

"Mwana wakwa, nani amewapatia hii? Hii iko na munyu."

"Ndiyo, ni munyu wa Ruiri," nikasema. "Unazuia moto vizuri sana."

"Moto itazuia. Lakini usiku munyu inavuta maji, na hiyo maji inakula chuma pole pole. Mfinyanzi hatii moto udongo ambao hajaonja."

Hili sikulijua, na ningelijulia wapi? Kwa watu wa mama, mwanamume hakanyagi shimo la udongo wa vyungu, wala hasogei wanawake wanapochoma. Wanasema akisogea, vyungu vitapasuka. Kwa hivyo mimi, mtoto wa mfinyanzi, niliyelala utoto wangu wote kando ya vyungu, sikuwahi hata mara moja kumwona mama akichagua udongo. Ami naye alikuwa hivyo hivyo, na wafugaji wa Ruiri hivyo hivyo. Sisi wanaume tulijua udongo mmoja tu, ule wa ng'ombe, tukauvika gari.

Ami alicheka. "Shemeji, hiki si chungu, hili ni gari."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaongeza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimeshapewa ushauri na kila kiumbe kuanzia Ruiri hadi Embu, na nilitaka ule muda wetu wa sigara moja tuzungumze habari za nyumbani. Nikamwambia, "Mama, haya ni mambo ya injini. Si mambo ya vyungu vya zamani."

Alitazama lile ganda kidogo, akasema ningoje. Akaenda kibandani kwake akarudi na bonge la udongo mwekundu, kubwa kama kichwa cha mtoto, limefungwa kwa majani ya mgomba na bado lina unyevu. Siku ya kuhamishwa, wengine walipoambiwa wachukue wanachoweza kubeba, walichukua blanketi na kuku. Mama alibeba mabonge mawili ya udongo wake aliokwisha kuuchagua na kuukanda, umechanganywa na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika ili uvumilie moto. Shimo la udongo lilikuwa nje ya handaki, naye hakujua ataliona tena lini.

"Bandua ile ingine," akasema. "Safisha chuma mpaka ing'are, halafu paka hii. Lakini usikimbize moto. Ikauke pole pole, moto kidogo, upumzike, tena moto kidogo. Ukikimbiza itapasuka."

Niliupokea kwa adabu, nikausukuma chini ya kiti, nikausahau. Ndiyo, nikausahau. Ganda la ami lilikuwa linafanya kazi, na kulibandua ilikuwa kazi ya siku nzima, kwa nyundo.

Baada ya hapo mambo ya karatasi yakaanza kwenda. Nilikuwa nimeandika ombi kwa bwana shauri kwamba mama aruhusiwe kuhamia kwangu Meru, mwanawe wa pekee, mwenye kazi na nyumba. Nilikwenda ofisini mara nisizoweza kuhesabu. Mara fomu si yenyewe, mara sahihi ya chifu haionekani, mara karani yuko likizo. Mwisho jibu likaja: limekubaliwa. Karani atakuja kijijini na karatasi siku fulani, na ndugu anayempokea lazima awepo mwenyewe atie sahihi mbele yake kabla geti halijafungwa jioni. Asipokuwepo, karatasi inarudi bomani na ombi linaanza upya.

Mke wangu alipaka chokaa chumba cha nyuma. Nilinunua kitanda. Wiki iliyotangulia nilimwambia mama getini. Aliuliza tu kama jiko letu ni la kuni au la makaa, kwa sababu alitaka kutufinyangia chungu cha kupikia akifika, na chungu cha kuni na cha makaa si kimoja.

Siku hiyo tuliondoka mapema kuliko kawaida. Ami alivaa kanzu safi ya kumpokelea shemeji yake. Tulivuka Mutonga, tukavuka Nithi, jua bado changa, na nilianza hata kuimba. Tulipoteremka Thuchi maji yalikuwa yamejaa kiasi kwenye kivuko, nikapita kwa kasi ili yasinizime, na maji yakaruka hadi chini ya injini, juu ya chuma kilichokuwa na moto wa vilima viwili. Nikasikia mlio mmoja, kama fimbo kavu inavunjwa. Tukaanza kupanda. Nusu ya kilima, ulimi wa moto ukatoka ubavuni mwa boneti.

Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka ami akitupa mchanga kwa kofia yake, na mimi nikifunga petroli, na ng'ombe wakilia. Moto ulizimika. Tulipogonga lile ganda lake la sifa, likaanguka vipande, na ndani yake hapakuwa na chuma tena bali maganda ya kutu yanayobanduka kwa ukucha. Chuma kinene kilikuwa kimeliwa kikawa chembamba, na sasa kilikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, unaotazamana moja kwa moja na bomba la petroli. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na chuma kile nguo tulikivika sisi.

Ami alitazama, akasema, "Hiki chuma kilikuwa kibovu tangu zamani."

Nilishika spana nikaiweka chini polepole, kwa sababu ni ndugu wa baba yangu.

Hapakuwa na lori jingine la kutupa msaada. Barabara siku hizo ilipitiwa na magari ya jeshi, na haya hayakusimama. Kutembea na kuacha ng'ombe njiani bila pasi ilikuwa kutafuta risasi. Ndipo nikakumbuka chini ya kiti. Udongo wa mama ulikuwa umekauka juu, lakini katikati bado ulikuwa laini. Nikakwangua kutu kwa kisu hadi nikaona chuma, nikakata kipande cha bati la debe nikakilaza juu ya ufa, nikaupaka udongo, nikafunga kwa waya.

"Washa twende," akasema ami.

"Amesema ukauke pole pole."

"Karani anangoja! Utangoja udongo au utamngojea mama yako?"

Nikawasha. Hilo pia nalikubali: ami alisema, lakini mkono uliowasha ni wangu. Hatukusogea hata hatua mia. Udongo ulilia paa, ukapasuka, kipande kikaniruka shavuni, na moshi ukaanza kutoka upya. Haraka haraka haina baraka. Methali hii mtu yeyote asiniambie tena maisha yangu yote, nimeshaisikia kutoka kwenye udongo wenyewe.

Nikabandua, nikaponda upya, nikachanganya na uliobaki. Mara hii nilifuata alivyosema. Niliwasha injini kidogo, nikahesabu hadi hamsini, nikazima, nikangoja ipoe. Nikawasha tena. Ami alikuwa ameketi kwenye jiwe, kanzu yake nyeupe imekuwa ya rangi ya Thuchi, anatazama jua. Kila nilipozima alisema, "Bado?" na kila aliposema "Bado?" nilitamani kumlaza chini ya gurudumu badala ya jiwe. Udongo ulibadilika rangi taratibu, kutoka mwekundu mweusi hadi mwekundu wa vumbi. Nilisimama juu yake nimeinama, naupuliza, natokwa na machozi ya hasira, na huku nyuma ng'ombe aliyetulia kuliko wote anatafuna kamba yake.

Ulipokuwa tayari, jua lilikuwa linakaribia kuzama. Tulipanda kilima kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Udongo haukupasuka. Petroli haikuchemka. Tulipita mpando ule mbaya kuliko yote bila kusimama, na tulipotokea juu kwenye kizuizi, mlinzi akashusha boriti ya kizuizi na kuniambia hakuna gari linalopita, kafyu imeshaanza.

Nilimwonyesha barua. Nilimwambia karani ananingoja. Akaisoma yote, akiisogeza mbele ya macho, akairudisha.

"Barua iko sawa," akasema. "Lakini saa haiko sawa."

Asubuhi tulikuwa wa kwanza kupita. Karani alikuwa amekwenda jioni ile ile na karatasi zake zote. Nilikwenda bomani nikaambiwa walivyoniambia tangu mwanzo: ombi linaanza upya. Nililianza upya. Lilipotea mara moja, likakataliwa mara moja, na lilipokubaliwa, ile miti iliyochongwa ilikuwa inang'olewa kwa kuni na kila mtu anarudi shambani kwake. Mama akasema basi, hana haja ya Meru tena, anataka kuona kama shimo lake la udongo bado lipo. Kile chumba cha nyuma hakulala humo hata usiku mmoja. Tulikiweka magunia.

Lakini asubuhi ile, kabla ya kwenda bomani, nilisimamisha lori getini. Alikuwa amesimama palepale, amevaa kitenge chake kizuri, na mzigo wake bado umefungwa miguuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na kwa maneno makali, na kwa yote niliyostahili. Nikamwambia chuma kilipasuka Thuchi. Nikamwambia ulikuwa ule munyu.

"Ulitumia udongo wangu?" akauliza.

"Niliutumia."

"Ulishika?"

"Mara ya kwanza niliukimbiza, ukapasuka. Mara ya pili ulishika."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mtoto aliyepona. Hakunigombeza. Nimekuwa na hasira hiyo hadi leo, kwamba hakunigombeza. Aliinama akafungua mzigo wake, akasogeza shuka na sufuria, akatoa bonge la pili la udongo, akanipitishia kati ya miti. Nikamwambia hapana, huo ni wa chungu.

"Ulikuwa wa chungu cha kwako," akasema. "Na bado uko na Thuchi ya kurudi. Chukua. Na huu usikimbize, ndio wa mwisho."

Nikaupokea. Niliufungua pale pale mbele yake, nikaukwangua kidogo kwa ukucha, nikauonja. Haukuwa na chumvi hata kidogo.